Mkono Uliomfunika Musa

Wapendwa wa Chawia, nanyi mnaousoma waraka huu mkiwa Voi, Mombasa na kwingine mlikokwenda kutafuta,



Somo la juma hili ni Kutoka 33, kuanzia mstari wa 18. Musa anaomba auone utukufu wa Mungu. Hakataliwi, ila hapewi kwa namna aliyoitaka. Anaambiwa kuna mahali pa kusimama juu ya mwamba. Utukufu utakapokuwa ukipita, Mungu atamweka ndani ya ufa na kumkinga kwa mkono wake hadi awe ameshapita. Ndipo atauondoa mkono, naye Musa aone nyuma tu. Ufa wa mwamba sisi wa milima hii ya Taita hatuhitaji kuelezwa. Nani kati yetu hajajikinga mvua humo akichunga mbuzi? Kinachonisumbua ni ule mkono. Mungu aliyekwisha kulikubali ombi, mbona amfunike mtu macho wakati ule ule anapopita?

Vitabu vya ufafanuzi vinajibu kwamba hakuna awezaye kumwona Mungu akaishi, na mstari wa 20 unasema hivyo hivyo. Sina ugomvi na jibu hilo. Lakini aliyenifanya niutazame tena ule mkono ni mpiga picha.

Kijana huyu ni wetu, kipaimara alikipata hapa, na hupiga picha za harusi kuanzia Mwatate hadi Taveta. Kazi ya kulipwa huifanya kwa kamera ya kidijitali. Shingoni huning'iniza na nyingine, Nikon F3 nyeusi, nzito, yenye mstari mwekundu mbele, aliyoachiwa na mjomba wake aliyekuwa na studio Mombasa. Nikon waliitoa F3 mwaka 1980. Umbo lake lilichorwa na Giorgetto Giugiaro, Mwitaliano aliyezoea kuchora magari, nao wakaendelea kuiunda kwa miaka kama ishirini, hata baada ya wao wenyewe kutoa F4 na F5 zilizokusudiwa kuirithi. Wanaanga wa Marekani walisafiri nayo. Haikuwa kamera ya kila mtu. Sababu moja ya bei yake ni kidirisha cha kutazamia. Kamera za bei nafuu hukata pembezoni, ukashangaa baadaye kuona kichwa cha mtu usiyemjua kimeingia kwenye picha ya bibi harusi. F3 hukuonyesha yote yatakayofika kwenye filamu, ukingo hadi ukingo.

Siku moja baada ya ibada tuliketi nje ya kanisa, akachomoa lenzi nione ndani. Nyuma ya lenzi kuna kioo kidogo kilicholala mshazari. Nuru ikiingia hugonga kioo hicho, hupanda juu, hugeuzwa, kisha hufika jichoni. Kwa hiyo unachokiona ni kile kile lenzi inachokiona. Filamu, hata hivyo, iko nyuma ya kioo, na ili nuru iifikie, kioo hakina budi kuondoka njiani. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, pazia linafunguka, nuru inapita, pazia linajifunga, kioo kinarudi. Katika kamera za zamani za aina hii kilikaa huko juu mpaka uvute filamu mbele. Mwaka 1954 Asahi ya Japani ikatoa kamera yenye kioo kinachorudi chenyewe papo hapo, na tangu hapo wengi hawatambui kwamba kuna giza lolote.

"Kwa hiyo wakati picha inapigwa, wewe huoni?" nikamuuliza.

"Sioni, Kasisi. Ndiyo maana wazee wa kazi husema, ukiiona flashi ndani ya kidirisha, jua picha imekukosa."

Nilimwomba arudie. Chombo cha gharama namna ile, kilichoundwa ili mtu aone kila kitu, humfunika macho katika tendo lile moja alilokinunulia! Naye hanung'uniki. Anajua kwamba giza lile ndiyo nafasi ambayo nuru imepewa kupita.

Mtaniambia baadhi ya kamera za kidijitali nazo zina kioo. Ni kweli, ila giza lao halikai. Kabla hujavuta pumzi picha imekwisha kutokea mgongoni mwa kamera. Kwa filamu giza linaendelea. Nimemwona kijana wetu akizingirwa harusini.

"Hebu tuone, mwanangu," mama mmoja alisogea, miwani tayari.

"Bado, mama. Filamu haijaoshwa."

"Basi geuza tuone huko nyuma."

Huko nyuma hakuna kitu, kifuniko cheusi tu. Filamu ile ina picha 36, naye haitoi ndani mpaka zote ziishe. Kisha itapanda basi kwenda Nairobi, kwa kuwa maduka mengi ya kuosha filamu tuliyoyazoea mijini yamefungwa au yamegeuzwa ya kuuza simu. Linapita juma, yanapita mawili. Mama yule aliondoka akicheka, lakini nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba kamera hiyo imeharibika.

Watu wanaozirudia kamera hizi za filamu hutoa sababu nyingi. Wengine husifu rangi za filamu, wengine uzito wa chuma mkononi au mlio wa pazia. Nikon wenyewe waliacha mwaka 2020 kuuza F6, kamera yao ya mwisho ya filamu ya aina hii, na bado zile za zamani zinatafutwa na kutengenezwa na kuuzwa kwa bei nzuri. Nyingi ya sababu hizo, kwa maoni yangu, ni za fasheni, na fasheni itapita. Wako pia wanaozinunua wakaziweka kabatini kwa kupangusa vumbi tu, na hao nitawaachia Kutoka 32. Mvuto unaodumu nadhani uko mahali pengine. Kamera hii haikuruhusu kuikagua kazi yako ukiwa bado unaifanya. Ukishabonyeza umeshabonyeza, unainua macho, unamtazama bibi harusi mwenyewe, kwa sababu hakuna kingine cha kutazama.

Nimeitaja sura ya 32, na ni vizuri tuisome pamoja na somo letu, kwa maana ndama wa dhahabu hakutokana na chuki juu ya Mungu. Mstari wa kwanza unaeleza chanzo: watu waliona Musa anakawia kushuka. Basi. Siku arobaini za kutoona kitu ziliwashinda, wakamwendea Haruni wapate mungu wa kuonekana, tena leo. Haruni akawapa walichotaka, na kilimetameta vizuri sana.

Sasa tuirudie filamu, kwa maana hapo pana jambo ambalo nalitafakari hata nikiwa njiani kwenda mazishini. Filamu imepakwa chembe ndogo mno za chumvi ya fedha. Nuru ikizigusa, chembe hubadilika kwa kiasi kidogo hata hakuna jicho la kuyaona mabadiliko hayo. Ukiichungulia filamu wakati huo huoni chochote, na kwa kuichungulia umeiharibu. Hata hivyo picha imo. Dawa ya kuoshea haileti picha mpya; huikuza kazi ambayo nuru ilikwisha kuifanya siku ile, saa ile. Mwaka 1897 Msweden mmoja, S. A. Andrée, alipaa kwa puto na wenzake wawili wakitaka kuifikia Ncha ya Kaskazini. Puto lilianguka barafuni, wakatembea kwa miezi, wakafia kisiwani. Walikuja kuonekana mwaka 1930, na filamu zao ziko pale. Mpiga picha wa Stockholm, John Hertzberg, akaziosha kwa uangalifu, na kati ya picha 240 zikatoka 93. Kwa miaka 33 nyuso zile zilikuwa ndani ya barafu, zimekwisha kupigwa, hazijaonwa na mtu.

Hapa Kenya tunaye Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi aliyepiga picha za harakati za kupigania uhuru na kazi yake ikachapishwa katika jarida la Life. Aliuawa kwa risasi mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Sehemu kubwa ya picha zake ililala kwa miongo kadhaa katika gereji ya jamaa yake Nairobi, hadi mmoja wa ukoo akaanza kufungua maboksi.

Na kuna filamu inayotuhusu sisi hasa. Mwaka 1955 ndege ilipita juu ya milima ya Taita ikipiga picha za kutengenezea ramani. Aliyebonyeza kitufe hakuwa na habari yoyote na sisi. Miaka hamsini baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye kituo chao Wundanyi, wakazichukua picha zile na kuzilinganisha na za mwaka 2004. Wakakuta msitu wa asili umepungua kwa nusu. Ukihesabu kila mti, eneo lenye miti karibu halikupungua, kwa kuwa palipokatwa miti ya asili pamepandwa misonobari na mikaratusi. Ndiyo maana sisi tuliokuwa tukiitazama milima kila siku, macho wazi, tuliona ni kijani tu. Filamu ya watu wasiotujua ilikuwa imeshika kitu ambacho wenyeji hatukukiona kikiondoka, na leo anayetaka kuurudisha msitu wa Chawia ana pa kuanzia kuuliza ulifika wapi.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, maana najua jinsi mahubiri yanavyopelekwa nyumbani na kutumiwa. Si kila giza ni la kioo kilichopanda. Mpiga picha yeyote wa filamu atakuambia kuhusu siku ambayo mkanda haukushika vizuri kwenye kishikio chake. Anavuta, anabonyeza, mlio anausikia, na filamu haisogei. Hiyo itarudi tupu, na hakuna dawa ya kuoshea itakayotoa kitu. Mama anayepigwa na mumewe usiku, mzee ambaye wanawe wamemuuzia shamba kwa hati ya kughushi, familia ambayo tembo wamemaliza mahindi yake na fidia haijaonekana: msiwaendee na Kutoka 33. Mkono uliowafunika hao unajulikana ni wa nani. Mama huyo mpelekeni hospitali ya Wesu, kisha kituo cha polisi, na mkipata shida huko niiteni hata saa nane usiku.

Ninayemwandikia kuhusu mkono wa Mungu ni mwingine. Ni mzazi aliyemlea mtoto katika imani, na mtoto yuko Mombasa au Qatar na hapigi simu. Ni mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyekuja kwangu kuomba apumzishwe, kwa kuwa hajaona tunda. Ni mwombaji anayesema zamani alikuwa akimhisi Mungu, na sasa kuna weusi tu. Kwake nasema hivi: huenda uko katika ile nukta ambayo kioo kimepanda. Sisemi nina hakika. Nasema huenda, na kwamba kutoona kwako hakuthibitishi kuwa hakuna kinachopita.

Hadi hapa nimemsoma Musa kama mpiga picha, mtu anayetaka kuona. Endeleeni kidogo mpaka 34:29, nanyi mtaona nafasi yake imebadilika. Anashuka Sinai na zile mbao mbili mikononi, na ngozi ya uso wake inang'aa kwa kuwa alikuwa akizungumza na Mungu. Mwandishi anaongeza neno ambalo ni rahisi kulipita: Musa mwenyewe hakujua. Aliyeomba auone utukufu, akafunikwa, akaambulia nyuma tu, ndiye aliyeachiwa alama na utukufu huo, tena mahali ambapo mtu hawezi kujitazama. Kumbe pale ufani hakuwa mwenye kamera. Alikuwa filamu.

Waliouona uso ule ni wengine, na miongoni mwao alikuwepo Haruni, yule yule wa ndama. Hawakushangilia. Waliogopa hata kumkaribia, ikabidi Musa awaite, kwanza Haruni na wakuu, kisha watu wote, akawapa maneno aliyopewa mlimani. Alipomaliza kusema nao ndipo akatia utaji usoni. Utaji huo una habari yake peke yake, na Paulo anaushika kwa nguvu katika 2 Wakorintho 3. Isomeni kabla ya Jumapili ijayo, tutaanzia hapo.

Kasisi wenu.