Msaidizi wa Darasani na Karatasi ya Alama

Katika kambi za kiangazi za Marekani ni vigumu kupata kazi inayoonekana ndogo kuliko ya msaidizi wa darasani, mtu mzima wa pili katika chumba cha kusomea, ambaye hafundishi somo wala hatungi mtihani, bali huzunguka kati ya madawati akiwa na kalamu na karatasi ya alama. Hata hivyo, katika kambi zilizoanzishwa mahususi kwa watoto wenye ADHD, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutuliza mawazo, kukaa mahali pamoja au kuzuia msukumo wa ghafla kwa kiwango kinachopita utundu wa kawaida wa umri wake, msaidizi huyo hubeba sehemu kubwa ya tiba yenyewe, ingawa watu wa nje huwa hawamwoni.

Kambi iliyo mashuhuri zaidi ya aina hiyo ilibuniwa na mwanasaikolojia William E. Pelham Jr., aliyefariki mwaka 2023. Aliianzisha mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, akaendelea nayo Pittsburgh, kisha Buffalo, na hatimaye Miami. Watoto hugawanywa katika makundi kwa umri, kila kundi likiwa na walezi wake, ambao wengi ni wanafunzi wa vyuo vikuu, na hukaa pamoja kutwa nzima, siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Saa chache ni za darasani na zilizobaki ni za michezo, kwa kuwa mtoto asiyeweza kungoja zamu yake hukataliwa na wenzake uwanjani mapema kuliko anavyofeli hesabu. Hata katikati ya mchezo mlezi huweza kumgeukia mchezaji na kumuuliza matokeo ni ngapi kwa ngapi, na mtoto anayejibu sawasawa huandikiwa alama, kwa sababu kuufuatilia mchezo nako ni zoezi la umakini.

Darasani kanuni ni chache na zimebandikwa ukutani: kukaa kwenye kiti, kufanya kazi kwa utulivu, kuinua mkono kabla ya kusema, kuwaheshimu wengine. Mwalimu anapofundisha, msaidizi huangalia, na anachokiangalia ni kitu ambacho watu wazima wengi hawajazoea kukitazama. Mtoto aliyeambiwa afungue kitabu akakifungua mara moja hutajiwa jambo hilo papo hapo, kwa jina lake na kwa kitendo chenyewe, kwamba amefuata agizo bila kukumbushwa. Haambiwi kwa jumla tu kwamba ni mtoto mzuri, kwani sifa isiyotaja tendo haimwonyeshi mtoto afanye nini tena baada ya dakika tano. Anayeinuka kitini bila ruhusa huambiwa kwamba amepunguziwa alama kwa kuacha kiti chake, na sentensi hiyo hutamkwa kwa sauti ileile iliyotumika kumpongeza jirani yake, bila hotuba na bila kuulizwa ana matatizo gani.

Ugumu wa kazi umo katika sauti hiyo. Mtoto akiwa amegonga dawati kwa penseli asubuhi nzima, akambeza mwenzake, kisha akaikunja karatasi yake ya kazi na kuitupa chini ya meza, mtu mzima mwenye damu mwilini hupandwa na hasira, na malezi aliyokulia humsukuma kugomba. Kambi humtaka asiiache hasira hiyo ifike mdomoni, kwa sababu mtoto aliyezoea kugombezwa huyapokea makaripio kama aina nyingine ya kuangaliwa, na pengine huyatafuta. Makosa mazito humpeleka mtoto kwenye kutengwa kwa muda, adhabu ya kukaa pembeni bila kushiriki, ambayo hufupishwa akienda na kutulia bila ubishi. Hata hapo, basi, msaidizi analazimika kutafuta jema la kulitambua, na pengine ndiyo sehemu ya mfumo huu iliyofikiriwa kwa busara kuliko zote.

Wapo wanaouita utaratibu huu hongo kwa watoto. Pingamizi hilo lina uzito mdogo kuliko linavyosikika, kwani mtu mzima naye huamka alfajiri kwa sababu ya mshahara wa mwisho wa mwezi wala hasemwi kuwa amehongwa. Tofauti ni kwamba mtoto mwenye ADHD hawezi kuungoja mwisho wa mwezi, na tuzo iliyo mbali kwake ni kana kwamba haipo, ndiyo maana alama hutolewa kwa dakika, ilhali safari ya matembezi ambayo alama hizo huilipia hungojwa hadi Ijumaa.

Swali zito zaidi ni kama mtoto aliyetulia amejifunza. Pelham na wenzake walichapisha mwaka 2022 utafiti juu ya watoto 173 wenye umri wa miaka 7 hadi 12 katika madarasa ya kambi, waliofundishwa masomo mapya wakiwa wametumia dawa ya ADHD iitwayo methilifenideti katika kipindi kimoja, na kidonge kisicho na dawa katika kingine. Kwa dawa, walikamilisha maswali ya hesabu zaidi kwa asilimia 37 kila dakika, na uvunjaji wa kanuni ulipungua kwa asilimia 53 kwa saa; lakini kiasi cha maarifa mapya waliyoyashika kilikuwa kilekile. Kwa msaidizi hilo ni onyo, maana karatasi ya alama humwonyesha nani ameketi, na ni rahisi mno kumpita mtoto mkimya ambaye hakuelewa kitu.

Tiba ya tabia, ambayo karatasi ya alama ni sehemu yake, nayo ina mipaka yake. Katika jaribio kubwa lililofadhiliwa na Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani, ambalo matokeo yake ya watoto 579 yalitolewa mwaka 1999, dawa iliyosimamiwa kwa makini iliishinda tiba ya tabia katika kupunguza dalili kuu za hali hiyo, ingawa watoto waliopata zote mbili walihitaji dozi ndogo zaidi. Katika tiba hiyo ya tabia, baada ya kambi ya wiki 8, msaidizi aliyefunzwa alimfuata mtoto hadi shuleni kwake na kukaa naye kwa sehemu ya siku kwa wiki 12, kwa sababu ilifahamika kwamba mafanikio ya kiangazi hayahami yenyewe.

Msaidizi huyo alipoondoka, kilichobaki mikononi mwa mwalimu na mzazi kilikuwa kadi ya kila siku, karatasi yenye malengo machache ambayo mwalimu huyajibu kwa ndiyo au hapana. Shule ya Afrika Mashariki yenye wanafunzi 60 katika chumba kimoja haitapata msaidizi kesho, lakini kadi hiyo haihitaji zaidi ya kalamu na mzazi wa kuisoma jioni: amemaliza kazi ya hesabu, hakumkatiza mwalimu zaidi ya mara tatu, amerudi na daftari lake, kwa hiyo leo ana ruhusa ya kucheza mpira hadi magharibi.