Mkono wa Kuume na Mkono wa Kushoto

Katika Tanzania, Kenya na Uganda motakaa hupita mkono wa kushoto. Lakini avukaye daraja la Rusumo kuingia Rwanda hana budi kuhamia mkono wa kuume. Burundi na Kongo ni vivyo hivyo. Nao Waswidi walipita kushoto, hata Jumapili tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri, nchi yao nzima ikahamia kuume.

Basi wako wasemao: Lililo kosa ng'ambo hii ni haki ng'ambo ya pili, hii ni sheria ya wanadamu tu, yatosha kuishika askari akiwapo. Je, ni kweli? Sisi twaona sivyo. Mkono wenyewe hauna wema wala ubaya. Lakini watu wakiisha kupatana, yule ajaye mbele yetu penye pindi la njia ametukabidhi uhai wake, wala hatujui. Kumvunjia tumaini hilo ni kuigusa Amri ya Tano, maana Dr. Martin Luther alitufundisha kwamba amri hiyo haikatazi kuua tu, bali yatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake.

Kwa hiyo mgeni asiseme, Kwetu si hivi. Na mwenyeji asingoje askari, bali apunguze mwendo hata kwa ajili ya mama mwenye mzigo kichwani, asimrushie matope. Walimu, wafundisheni hivyo vijana wetu waendeshao pikipiki: mpakani twabadili mkono, lakini jirani ni yule yule.