Ridhaa ya Kibarua na Dhamana ya Mwenye Kumwajiri

Suala lenyewe ni hili: mtu amemwajiri mwenziwe kwa kazi yenye khatari, wakapatana ujira, na ajiriwa akaridhika, kisha madhara yakamfika. Je, ridhaa ile imemtoa mwenye kuajiri katika dhamana? Wengi wa wenye mali, wa bara na wa pwani, hujibu kwa haraka: "Amekubali mwenyewe, hakushikwa mkono." Jawabu hili limezoeleka bandarini, mashambani na penye majumba yanayojengwa, hata likachukuliwa kana kwamba ni hukumu iliyokatwa na makadhi. Nalo halina asili hiyo.

Na litazamwe jambo hili mahali palipo mbali na pwani, ili asitokee mtu wa kudhani kuwa anasemwa yeye. Itaka ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya baridi, na mibuni imestawi huko. Mbuni una maradhi yake: chulebuni huozesha tunda lingali bichi, na kutu hulila jani hata likapukutika, tena wako wadudu. Kwa hivyo mwenye shamba hununua dawa, na asipoweza kulizunguka shamba peke yake humtwaa kibarua. Kibarua hulibeba bomba mgongoni, lita 15 au 20, mkono mmoja ukipiga mpini na wa pili ukielekeza mdomo wa mpira. Mbuni ukiwa mrefu kumpita hunyunyiza juu, na ule ukungu humrudia usoni. Kifuniko kikivuja, shati hulowa mgongoni na kumkaukia mwilini mpaka jioni.

Jina la kitu chenyewe lina sehemu yake katika madhara. Kiswahili kimeiita dawa ile ya mgonjwa, na dawa pia ile sumu ya mdudu; basi alisikiaye neno hilo hapati khofu impasayo. Na hali baadhi ya sumu za wadudu huvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya mdudu na ya mwanadamu haikuachana sana kama watu wadhanivyo. Huingia kwa pumzi, na huingia kwa ngozi isiyo na jeraha hata moja. Kichwa huuma, mate na machozi hutoka, mboni ya jicho husinyaa, kifua hubana. Na aliyezidiwa hufa. Kibarua akirudi na kichwa kinachouma, husema ni jua.

Mataifa yalikwisha kulifikiri hilo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kanuni za mwenendo juu ya sumu hizi mwaka 1985, na katika miongozo iliyofuata chupa hutiwa ukanda wa rangi: mwekundu kwa sumu iliyo kali kabisa, kisha wa manjano, kisha wa buluu, kisha wa kijani, na pamoja nao picha za glavu, za viatu na za kunawa mikono, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Ni tengenezo jema. Lakini sumu ikimiminwa katika chupa ya soda kwa kuwa mnunuzi hana fedha ya chupa nzima, ukanda umebaki dukani, na kibarua amepewa kitu kisicho na jina.

Sasa na irejewe ile ridhaa. Mafakihi hawakuihesabu kila ridhaa kuwa ni ridhaa. Aliyenunua ng'ombe kisha akamwona na aibu iliyofichwa, ana khiari ya kumrudisha, ijapokuwa alitamka mbele ya mashahidi kuwa ameridhika. Kwani aliridhika na asichokijua. Samaki aliye baharini hauzwi, kwa kuwa mna gharari. Basi ikiwa ng'ombe mwenye kasoro hurudishwa, vipi mwili wa mtu ufungwe na neno alilolisema hali hajui kilichomo katika bomba? Huyu aliridhia ujira wa siku, khatari hakuonyeshwa.

Huenda mtu akauliza: na akijua? Akasomewa ukanda na picha zote, kisha akasema atapuliza vivyo hivyo? Hapa suala lazidi uzito. Mwili wa mtu ni amana kwake. Hana ruhusa ya kujiua wala kujikata kiungo, na asichokimiliki hawezi kumpa mwengine idhini ya kukiharibu. Tena mwenye watoto waliolala na njaa hachagui baina ya salama na khatari. Achagua baina ya khatari mbili, na moja yao ina ujira. Ridhaa ya namna hii ni ushahidi wa shida yake. Mwenye kuitumia kuwa ndiyo hoja ya kumwachia madhara amefanya biashara kwa shida ya mwenziwe.

Kwa ajili hiyo, katika miji ya Waislamu zamani mambo haya hayakuachiwa mapatano ya watu wawili. Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alieleza katika kitabu chake cha hukumu za utawala kuwa ni katika kazi ya muhtasibu kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi cha chombo, wala wasisafiri upepo ukichafuka. Muhtasibu hakuwauliza mabaharia kama wameridhika.

Na watu wa pwani waijua ile alama iliyochorwa ubavuni mwa meli, ambayo maji hayafai kuipita. Sharia ya Uingereza ililazimisha alama hiyo mwaka 1876, baada ya juhudi za mbunge mmoja, Samuel Plimsoll. Mataifa yakapatana juu yake mwaka 1930, na mapatano yakafanywa upya mwaka 1966. Faida yake kubwa haikuwa rangi. Kabla yake, mwenye meli aliyemcha Mungu akapakia kwa kiasi, alipata nauli kidogo kuliko yule asiyejali, hata wema wake ukamtoa sokoni. Alama ilipokuwa moja kwa bandari zote, mwema hakuadhibiwa tena kwa wema wake. Hii ndiyo hoja ya kweli ya kutaka kipimo cha mataifa yote kisiwe cha nchi moja moja: kahawa ya Mbozi yashindana na ya Brazil na ya Vietnam, na aliyetoa glavu hushindana na asiyetoa. (Walakini alama haijilindi yenyewe. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba hali imechukua watu kupita uwezo wake.)

Kipimo cha kazi nacho kina mahali pake pa kutungwa. Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, na makao yake ni Geneva. Katika mkutano wake mkuu kila nchi hupeleka wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi, ni namna ya shura, ingawa kibarua wa siku moja hana chama cha kumtuma mtu huko. Tanganyika iliingia mwaka 1962. Mkataba wa 155 wa mwaka 1981 umesema mambo mawili yanayolikata lile jawabu la "amekubali": kwamba gharama ya usalama isimwangukie mfanyakazi, na kwamba aliyejitoa penye khatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu ya haki, asiteswe kwa kujitoa kwake. Mkataba wa 184 wa mwaka 2001 umeyaleta hayo shambani, na vibarua wa msimu wamo. Mwezi Juni 2022 mkutano uliitia salama ya kazini katika haki za msingi, zinazoilazimu kila nchi mwanachama hata ile isiyotia sahihi mikataba yenyewe. Tanzania Bara ina sharia yake ya mwaka 2003, na Zanzibar ya mwaka 2005.

Wako wasemao kuwa haya ni ya wageni, na kwamba mwenye ekari mbili Itaka hana tofauti kubwa na kibarua wake. Akinunua glavu, barakoa na viatu, faida yote imekwisha. Neno la kwanza ni dhaifu: pishi haiwi batili kwa kuwa aliyeichonga si wa mji huu. Neno la pili lina haki ndani yake, wala halifai kudharauliwa. Lakini si kila salama hununuliwa. Kutopuliza palipo upepo, kuacha sumu katika chupa yake, kuweka maji na sabuni mwisho wa mstari, kutompa bomba mtoto, na kumlipa siku yake aliyesema kichwa chamuuma: haya hayangoji bei ya kahawa kupanda. Mwenye kuyaacha haya kisha akalia umasikini, umasikini wake haumtetei.

Yanayobaki ni ya fedha, na hapo dhamana yapanda juu kupita mwenye shamba. Wanunuzi wa ng'ambo hutaka vyeti vya kuwa kahawa imelimwa kwa kanuni, na si kila mara bei hupanda kwa kadiri ya kanuni walizozitaka. Hata mzigo wasema hivyo: biashara ya dunia huhesabu kahawa kwa magunia ya kilo 60, na pendekezo la Shirika la Kazi la mwaka 1967 lataka mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Akiulizwa mwenye shamba juu ya glavu, atamtaja mnunuzi. Mnunuzi atamtaja mnywaji. Na mnywaji, aliye Hamburg au aliye barazani Mombasa na kikombe mkononi, hajapata kuulizwa.