Sitara na Hadaa

Watu wa pwani hulitukuza neno sitara, kwani kumsitiri mtu ni kumhifadhia heshima yake. Je, askari ajifunikaye rangi za msitu ili asionekane, naye yumo katika sitara, au amekwisha ingia katika hadaa?

Tuitazame delta ya Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja, kisha ikajificha deltani, mashine zake zikiwa mbovu. Mabaharia wakafunga matawi ya mikoko milingotini, hata mtazamaji wa baharini akaona msitu mtupu. Vazi hilo liliwafaa pale pale. Lau wangelipanda nalo hadi vichaka vya Kibiti wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka, ukijani ule ungaliwafichua. Ndiyo maana majeshi hushona mabaka ya namna nyingi: ya kijani kwa msitu, ya rangi ya mchanga kwa jangwa. Na hata mikoko haikutosha. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliiona meli kwa juu, zikaongoza mizinga ya Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikafikia mwisho wake. Wahenga walikwisha sema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Simlaumu baharia kwa kumkwepa adui yake. Askari mwenye mabaka hujificha kwa mbali, lakini akikaribia, sare ile ile humtambulisha: raia humjua ni nani, na amshitakie wapi akidhulumiwa. Kwa sababu hiyo sheria ya Tanzania humkataza raia kuvaa sare ya jeshi. Maficho ya askari yana mpaka.

Kibiti ilionja maficho yasiyo na mpaka. Katika miaka ya 2015 hadi 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa huko, na wauaji wakaitwa tu watu wasiojulikana. Muuaji asipojulikana, kila jirani hugeuka kichaka cha kushukiwa. Salamu hupungua, na milango hufungwa mapema. Aliyejificha nyuma ya mkoko aliazima majani. Aliyejificha nyuma ya watu aliazima imani yao, na hiyo haichipui upya kwa mvua ya msimu mmoja.

Basi tusiulize tu kama vazi limeficha vyema. Tuulize limemficha nani, na nani amebaki wazi kwa ajili yake.