Deni la Shamba la Kukodi

Mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja, je, yampasa kuulisha udongo usio wake? Wengi husema kodi imekwisha lipwa. Sisi tuliozeeka katika ualimu twajibu: kodi humlipa mwenye shamba, haiulipi udongo. Gunia la mahindi la kilo 100 huondoka na naitrojeni ipatayo kilo moja na nusu. Mabua nayo yakichomwa, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hupotea hewani. Aliyevuna ndiye mwenye deni.

Hata hivyo, tusimlaumu mpangaji peke yake. Samadi haimalizi kazi kwa msimu mmoja. Hurutubisha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Tukimwondoa mtu mara baada ya mavuno, atie samadi ili nani afaidike? Basi mwenye shamba na akodishe kwa miaka mitatu au zaidi. Naye mpangaji ayaache mabua yaoze shambani, apande kunde kati ya mahindi, atie na samadi. Amri ya kuipumzisha ardhi mwaka wa saba, katika Walawi 25, yatukumbusha kwamba hata mwenye hati ni mpangaji tu.