Tusiishukuru Njaa ya Guka

Kwetu hapa Kariandusi familia haikutani bila kusimulia maisha ya babu yetu, Guka. Karibu hadithi zote ni za shida. Alivyokula ugali na chumvi wiki nzima. Alivyovaa kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, kama ng'ombe na kengele yake. Alivyoona, akiwa mtoto, mbuzi wa baba yake wakiondolewa shambani kwa mzungu, katika ile miaka ya 1920 ambayo wazee waliiita kifagio, maana mifugo ya maskwota ilifagiwa kweli.

Halafu mzee mmoja husimama na kusema, "Shida ndiyo iliyomfanya Guka kuwa mtu. Tumshukuru Mungu kwa shida." Wote amina.

Hiyo amina hunikwama kooni. Je, mtu akitoka mzima kwenye uonevu, uonevu wenyewe unageuka kuwa mzuri? Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi kwa mzungu siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ndio aruhusiwe kukaa. Ile ya 1937 ikaruhusu ziongezwe hadi 270. Kwamba Mungu alikuwa na Guka pale, hilo nakubali. Lakini sheria ziliandikwa na watu, kwa faida yao.

Someni Kutoka. Mungu aliona mateso akashuka kuwatoa watu wake. Hakuwaambia wawashukuru wasimamizi wa matofali! Na katika Kumbukumbu la Torati 24, wanaoikumbuka Misri wanapewa kazi: mganda uliosahaulika shambani ni wa mgeni, yatima na mjane. Sura hiyohiyo inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua.

Hapo ndipo panapouma. Siku hizi wenye shamba ni sisi, hata kama ni robo ekari. Nimemsikia mpendwa akimwambia kijana aliyemlimia kutwa nzima ati arudi wiki ijayo kuchukua pesa, kwani "babu zetu walivumilia zaidi." Yaani jasho la Guka limekuwa sababu ya kumnyima mtoto wa mwenzako unga wa jioni.

Guka mwenyewe sikuwahi kumsikia akisifu njaa. Aliyemsifu ni jirani mmoja aliyemgawia nusu debe la mahindi, na huyo jirani alikuwa na watoto wengi kumliko. Alimtaja kwa jina katika maombi mpaka uzeeni.