Mgongo Usioinamika

Wahenga walinena: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii huambiwa kijana mvivu. Ni nadra kuambiwa mzee aliyegunduliwa kuwa na saratani, naye angoja kupasuliwa. Huyo jamaa zake humsihi apumzike, kana kwamba nguvu ni fedha ya sandukuni, isiyopungua maadamu haikutumiwa. Mwili hauko hivyo. Msuli uliolazwa hunyauka, na wa mzee hunyauka upesi zaidi.

Huko Montreal, nchini Kanada, Franco Carli na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill waliuliza: kwa nini mazoezi yangoje hadi mgonjwa ameshapasuliwa? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 77 wa saratani ya utumbo mpana. Wote walipewa mazoezi ya kufanyia nyumbani, ushauri wa lishe na mbinu za kutuliza moyo. Ila kundi moja lilianza takriban wiki nne kabla ya upasuaji, na la pili baada yake. Wiki nane baada ya upasuaji, asilimia 84 ya waliotangulia waliweza kutembea kama awali au zaidi. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 62.

Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili. Ikiwa mazoezi yanafaa, je, mzee asiyeyafanya alaumiwe akidhurika? Kusema ndiyo ni rahisi, na ni ukatili. Mwaka 2020 Carli na wenzake walichapisha utafiti mwingine, wa wazee dhaifu 110 wenye saratani hiyo hiyo. Safari hii, matatizo ya siku 30 baada ya upasuaji hayakuwa machache kwa waliojiandaa mapema kuliko kwa walioanza baadaye. Basi yupo anayeinama kwa bidii zake zote, na cha mvunguni asikipate.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza hauwi wa mgonjwa. Ni wa daktari kumpimia mazoezi kwa kadiri yake, wa mjukuu kumshika mkono kutoka kitandani hadi barazani, na wa mpishi kumwekea kipande cha samaki kilicho bora. Mazoezi ni heshima atendewayo mzee, kwa kuaminiwa kuwa bado ana kesho. Yakigeuzwa deni la kudaiwa akiwa kitandani, heshima hiyo imekwisha. Methali yamtaka mwenye haja ainame. Haimkatazi mwanawe kuinama naye.